Boksi Kubwa, Rekoda Ndogo: Ufanye Nini na Hizo Pakiti Zote

Kila Januari shule zikifunguliwa maswali ni yale yale. Mzazi amenunulia mtoto wa Gredi ya 4 rekoda (ile filimbi ya plastiki ya kupuliza) juu mtaala wa shule unaitaka, amefika nyumbani amefungua, sasa meza imejaa plastiki ngumu, kadibodi, kamfuko ka nailoni, kengine ka silika (zile punje za kunyonya unyevu) na karatasi ya maelezo kwa lugha asiyoijua, halafu ananiuliza, "Sasa hii boksi nitupe ama niweke?" Mwingine ameagiza kalimba (ile ya vibao vya chuma unapiga na vidole gumba) kutoka China ikaja boksi ndani ya boksi ndani ya boksi lingine. Mwingine ni mwalimu hapa Kisumu, ameletewa rekoda 40 kila moja na pakiti yake, stoo imejaa hadi mlango haufungi na ukitoa hizo pakiti rekoda zenyewe zinaingia kwa katoni moja na nafasi inabaki. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hivyo mwongozo ndio huu.

Naongea juu ya vyombo vidogo: rekoda, hamonika, kalimba, ukulele (kagitaa kadogo ka nyuzi nne), manyanga, nyuzi za gitaa na jamii yake. Gitaa kubwa ama kinanda sizihesabu hapa, hizo boksi lake lina kazi kweli.

Nadharia ni moja tu, ishike: kinacholinda chombo ni kile kinachokigusa. Zingine zote ni maonyesho ya dukani. Ile plastiki ngumu ya kuona ndani haikuwekwa kulinda rekoda, rekoda ya plastiki mtoto anaiangusha kwa simiti na inaendelea kulia. Imewekwa ndio ining'inie kwa ndoano, ionekane kubwa kuliko ilivyo, na mtu asiitie mfukoni akatoka nayo polepole. Na gharama yake iko ndani ya bei, wewe ndio umelipa.

Lakini usikimbilie kutupa, manake kuna vitu muhimu watu hutupa pamoja na boksi kila siku.

Uwe na hivi kabla hujaanza

Makasi makali ya fundi nguo, sio yale ya watoto ya karatasi. Kisu kidogo ama wembe wenye mshikio. Simu yenye kamera. Maka peni. Taulo ama leso kuukuu ya kutandika mezani. Bahasha moja ya karatasi ya vitu vidogovidogo. Gunia moja ama karai la kuwekea taka usije ukafanya nyumba nzima jaa. Na risiti, hata kama ni meseji ya M-Pesa usiifute.

Hatua ya 1: Punguza kabla hujalipa

Hii ndio hatua inayookoa zaidi na ndio watu huruka. Ukiwa kwa duka la vitabu ama la vyombo, muulize muuzaji kama ako na rekoda za jumla, zile zinakuja kwa katoni moja kila rekoda na kamfuko kake ka kitambaa ama nailoni nyembamba tu. Mara nyingi ziko nyuma, mbele wanaweka za kuning'inia juu zinavutia macho. Uliza tu, "Boss, hii iko bila hii plastiki?" Akisema haiko, lipa kwanza, fungua hapo hapo kaunta, kagua, kisha mwambie plastiki abaki nayo. Wengine watanuna kidogo. Lakini muuzaji akibaki na gunia la plastiki kila wiki ndio atamwambia anayemletea kwamba wateja hawataki.

Kama unaagiza ng'ambo hapa ndio kuna pesa. Kampuni za mizigo ya ndege hazipimi kilo peke yake, wanachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita wanagawa kwa 5000 (wengine 6000), ikitoka namba kubwa kuliko mzani unalipia hiyo kubwa. Tuseme boksi la kalimba ni 30 kwa 25 kwa 16. Hiyo ni 12,000, gawa kwa 5000 unapata kilo 2.4. Kalimba ya vibao 17 yenyewe ni kama nusu kilo! Sasa mwambie muuzaji atoe boksi la dukani, aizungushie nailoni ya mapovu, atie kwa katoni ya 22 kwa 18 kwa 10, hapo ni karibu kilo 0.8. Umetoka kilo 2.4 hadi chini ya 1 na hujapoteza kitu. Mwandikie kabla ya kulipa, sentensi fupi, juu akishatuma imeisha hiyo.

(Na inachekesha kidogo, kalimba ni ya kwetu Afrika, jina hilo mtafiti wa muziki Hugh Tracey ndiye alilisambaza duniani akiwa Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1950, na leo inaturudia ikiwa imevaa koti tatu za plastiki.)

ONYO: hamonika usiombe ifunguliwe uijaribu kwa mdomo. Hiyo na rekoda zinaingia mdomoni, kwa hivyo ile nailoni ya ndani iliyozibwa ni ushahidi kwamba hakuna mtu amepuliza kabla yako. Hiyo pakiti moja naitetea.

Hatua ya 2: Piga picha boksi pande zote

Pande zote, hata chini. Haichukui dakika. Kwa boksi ndio kuna namba ya modeli, jina la aliyeleta nchini, na vitu vitakusumbua baadaye ukikosa:

- Rekoda: iko na mashimo ya mtindo wa Baroque ama wa Kijerumani. Mara nyingi huandikwa kwa boksi, na kwa rekoda nyingi kuna herufi ndogo nyuma, B ama G. Mwalimu akifundisha mtindo mmoja na mtoto ako na mwingine, noti ya F haitakubali na mtoto ataambiwa hajui.
- Hamonika: ufunguo wake wa muziki, C ama G ama A.
- Nyuzi: unene wake. Ukitupa pakiti bila picha utarudi dukani useme "nataka kama zile zingine" na hakuna atakayekuelewa.

Hatua ya 3: Fungua bila kujikata na bila kukata chombo

Ile plastiki ngumu imekata watu vidole kuliko jembe. Usivute na mikono, usitumie meno, na kisu usikidunge katikati. Tandika leso, laza pakiti, chukua makasi ukate ukingo wa juu wote kutoka kona hadi kona, sentimita 1 ndani kutoka ukingoni, kisha shuka upande mmoja. Pande mbili zinatosha, inafunguka kama kitabu. Zile ncha zinazobaki ndizo zinakata, zigeuze ziangalie mbali na wewe.

Boksi la ukulele tofauti. Hapo kisu kinaingia kwa selotepu pekee, kina cha milimita 2 basi. Watu wanashindilia kisu kama wanachinja, na chini ya kadibodi kuna mfuko mwepesi wa ukulele, chini ya mfuko kuna rangi ya ukulele. Nimeletewa ukulele mpya na mkwaruzo mrefu mbele, mwenyewe analalamikia kiwanda, ukiangalia boksi unaona njia ya kisu imenyooka moja kwa moja.

Hatua ya 4: Kung'uta kila kitu kabla ya kutupa chochote

Geuza boksi juu chini ulikung'ute juu ya leso. Halafu tia mkono kwa kona. Vitu vinavyopotea sana ni kijiti cha kusafishia rekoda, kakopo kadogo ka mafuta ya kupaka pale vipande vya rekoda vinaungana, nyundo ndogo ya kurekebishia kalimba, na ile chati ya vidole. Chati ndio mbaya zaidi manake viwanda vingi wanaichapisha nyuma ya ile kadibodi ya kuning'inia, mzazi anaona kadibodi anatupa, kesho mtoto anaulizwa chati. Ikate na makasi, itie kwa bahasha pamoja na risiti, andika juu na maka peni ni ya nini.

Kwa ukulele angalia chini ya nyuzi, wakati mwingine kuna karatasi ama kasponji hapo karibu na daraja (kale kabao kanashikilia nyuzi). Kisipotolewa sauti inatoka imekufa na mtu anafikiri ametapeliwa.

Hatua ya 5: Kaa na boksi hadi chombo kithibitike

Si milele, wiki mbili hivi. Cheza noti zote, vuta na puliza kila tundu la hamonika, gonga kila kibao cha kalimba. Kama kuna shida rudisha. Sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 inataka bidhaa iwe ya ubora unaofaa, lakini ukweli wa mtaani ni kwamba ukirudi na boksi na risiti mazungumzo ni mafupi, ukirudi mikono mitupu mtabishana hadi jioni. Likunje liwe bapa liweke chini ya kitanda. Muda ukiisha na kila kitu kiko sawa, endelea hatua ya 6. Kuna watu wana maboksi ya 2019 juu ya kabati, ya nini?

Hatua ya 6: Panga mafungu

Hapa ndio kazi yenyewe iko, usiharakishe.

*Kadibodi ya kahawia* isiyong'aa ni mali. Ng'oa selotepu, kunja, weka pakavu. Wanunuzi wa katoni wapo kila mji, wanalipa kwa kilo, na ikilowa bei inakufa. Usipouza kuna jirani anayelea vifaranga, atakushukuru. Ile ya kung'aa yenye ngozi ya plastiki hawaipendi, hiyo tengeneza folda ya noti ama vitenganishi vya droo.

*Plastiki ngumu ya kuona ndani:* tafuta pembetatu ndogo yenye namba. Ikiwa 1 ama 5, ioshe kama ni chafu, iweke na chupa zako, wale wa kununua plastiki kwa kilo wanaweza kuichukua. Ikiwa 3 hiyo ni PVC, karibu kila mtu atakataa. Iliyoundwa kwa umbo la rekoda kwa ndani inafaa kuwa treya ya penseli, ama ya kuanzishia miche ya sukuma ukitoboa chini. Nimeona mama mmoja akifanya hivyo na miche ilitoka mizuri.

*Nailoni ya mapovu* usitupe hata kipande. Utaihitaji hatua ya 8.

*Foamu nyeupe ya kubomokabomoka* ndio mkosi. Ni namba 6, nyepesi, inajaza gari na kilo hakuna, kwa hivyo hakuna anayeinunua. Vipande vikubwa tumia kuzibia pembe za mizigo mingine. Usiivunjevunje, zile punje zikishapeperuka hadi kwa mtaro huzipati tena.

*Sponji nyeusi* iliyokatwa kwa umbo la hamonika ni nzuri, iache kwa keisi yake ama ihamishie kwa mkebe wa bati wa majani chai.

ONYO, na hili silegezi: usichome. Najua watu wanafanya, jioni nyuma ya nyumba na kiberiti. PVC ikiungua inatoa gesi ya asidi inayochoma koo na mapafu, na foamu inatoa moshi mweusi wa masizi, sasa mtoto uliyemnunulia rekoda ili apumue vizuri ndio anavuta hiyo. Na ukitupa ovyo si kwamba inapotea. Nakuru jaa la Gioto liko kwa mteremko juu ya mji, mvua ikinyesha takataka inashuka yenyewe bila kusukumwa.

Mtu atauliza, kwani plastiki si zilipigwa marufuku? Kilichopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017 ni mifuko, zile juala za kubebea. Pakiti ya kiwandani haikuguswa, ndio maana kaunta unanyimwa juala lakini rekoda yenyewe iko ndani ya plastiki mara tatu. Sheria ya taka ya 2022 ndio imeanza kusema anayeleta bidhaa sokoni abebe mzigo wa pakiti zake, na inataka sisi pia tutenganishe taka nyumbani.

Hatua ya 7: Vile vipakiti vya "usile"

Hiyo ni silika. Yenyewe kwa kawaida si sumu, hatari ni mtoto kukabwa. Zikiwa na punje za bluu hizo zinaweza kuwa na kobalti, tupa bila kuzifungua.

Kuzitumia tena inategemea unakaa wapi. Huku Kisumu hewa ya ziwa ina unyevu, kipakiti kimoja kwa keisi ya hamonika kinasaidia isishike kutu. Kwa ukulele ama kalimba ya mbao, kuwa mwangalifu. Mbao inapenda unyevu wa wastani, wengi wanasema asilimia 45 hadi 55, na ukiwa Nakuru Januari na Februari hewa imekauka tayari, ukijaza vipakiti vitano kwa keisi unaalika ufa. Vitoe. Na kuvianika juani hakuvikaushi kabisa, silika inataka joto la kama nyuzi 120, na kwa sufuria pakiti itayeyuka kwanza.

Hatua ya 8: Kipe chombo nguo yake ya kudumu

Rekoda: nenda kwa fundi wa nguo, Kibuye ama sokoni kwenu, omba kipande cha kitenge kilichobaki. Kata sentimita 42 kwa 18. Kunja kwa urefu, shona chini na upande, juu pinda sentimita 3 upitishe kamba ya kiatu. Rekoda ya soprano ni kama sentimita 33 kwa hivyo inazama yote na kijiti chake pembeni. Andika jina la mtoto kwa mfuko NA kwa rekoda, manake siku ya pili darasani zote zinafanana. Ukishona 40 za shule, fundi atakupunguzia.

Kabla ya kuivisha ioshe, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, suuza, kausha vipande vikiwa vimetenganishwa. Maji ya kuchemka hapana, yatapinda plastiki.

Ukulele na kalimba: kama zilikuja na mfuko laini, zungushia nailoni ya mapovu ukisafiri na matatu, ukifika itoe. Usiiache imegandana na rangi miezi, plastiki laini zingine huacha alama.

Nyuzi za gitaa: hapa kuna viwanda vimefikiria. Zamani kila uzi ulikuwa na bahasha yake ya karatasi, ndani ya nailoni, ndani ya boksi. D'Addario walitoa bahasha wakaweka rangi kwa ile pete ndogo ya mwisho wa uzi: E nyembamba rangi ya fedha, B zambarau, G kijani, D nyeusi, A nyekundu, E nene ya shaba. Pakiti moja, uzi zote 6, hakuna kuchanganya. Ukiweza kuchagua chagua za namna hiyo. Ile nailoni inazuia kutu hadi uifungue tu, kwa hivyo fungua siku ya kuvalisha gitaa.

Na kama wewe ni fundi wa vyombo vya huku, orutu, litungu, nyatiti ndogo za wageni, usinunue boksi jipya ili mteja aone umekuwa wa kisasa. Kusanya yale ya watu wa hatua ya 6. Legeza nyuzi kidogo, usilegeze zote hadi daraja lianguke, upinde wa orutu ufunge kando na karatasi, ngozi ifunike na kadibodi bapa kisiidunge kitu, na juu andika kwa maka peni upande gani ni wa juu. Makanga hasomi lakini angalau umeandika.

Shida za kawaida

*Gundi ya stika imebaki kwa rekoda ama kalimba.* Mafuta ya kupika kidogo kwa kitambaa, ngoja dakika 5, sugua na kidole, futa na sabuni. Usitumie thina, petroli ama ile dawa ya kutoa rangi ya kucha. Hiyo ya kucha ikiwa na asetoni inayeyusha plastiki ya rekoda na inaharibu vanishi.

*Keisi inanuka plastiki kali.* Iache wazi kivulini siku kadhaa bila chombo ndani. Jua kali litaipinda.

*Boksi lililowa kwa boda.* Toa chombo mara moja, kadibodi inashika maji kuliko unavyodhani. Kausha chombo na kitambaa, keisi iache wazi usiku mzima.

*Mende wamejaa kwa maboksi niliyoweka.* Wanapenda gundi ya kadibodi na giza. Baki na moja, zingine uza leo.

*Duka limekataa kurudishiwa hamonika.* Kama uliipuliza, wana haki, hata wewe hungetaka ya mdomo wa mtu mwingine. Kama tundu halilii kabisa, waonyeshe hapo hapo na video uliyochukua siku ya kufungua. Hukuchukua? Ya pili chukua.

*Watoto wawili nyumbani, rekoda zimechanganyika na pakiti zishatupwa.* Angalia ile herufi nyuma. Zikiwa zote B, angalia meno, kuna mmoja hutafuna.